Masika ya Sinia Moja

Jumatano, 20 Aprili 1966

Bismillahi. Mwenye kuandika hapa ni Gharib bin Abdulhalim wa Kibokoni, serangi wa Kilindini, mkuu wa genge la makuli ambalo meli zikiliona gatini hujipakua zenyewe. Shule nilifika darasa la nne. La tano mwalimu alinikimbia.

Sababu ya kushika kalamu ni kampuni. Imetuletea mafunzo. Si ya winchi wala ya kufunga slingi za mizigo, maana hayo sisi ndio tungewafunza wao. Ni mafunzo ya ustawi wa mtu na nyumba yake. Masika yote, kulla Jumatano baada ya kazi, maserangi na makarani tutaketi kwenye mabenchi ndani ya bohari la zamani tuelezwe namna ya kuishi majumbani mwetu. Na mwenye kutueleza ni mwanamke. Bi Rispah, mtu wa bara, koti la mvua, viatu vya kamba, sauti kama filimbi.

Joab, karani mwenye kuhesabu magunia, aliketi ubavuni pangu. Akaninong'oneza, "Mzee Gharib, leo utafundishwa kuoga."

"Mimi nikioga," nikamwambia, "maji ya kisiwa hupungua, watu wa Kizingo hupiga simu kulalamika."

Bi Rispah akataka kila mtu aseme hali ya afya nyumbani kwake. Nikasimama wa kwanza, mimi sijui kungoja. Nikasema mke wangu Swabaha ndiye mwanamke mzima kuliko wote kisiwani, daktari akimwona hujipima yeye mwenyewe. Bohari likacheka.

Mwalimu hakucheka. "Jana amekula nini?"

"Wali."

"Ulimwona akila?"

"Mwalimu, sisi watu wa mji hatuchungulii jikoni."

Wakacheka tena, lakini mara hii sikujua wanacheka upande gani. Ndipo akatupa kazi ya nyumbani: mara moja kwa siku mtu ale na watu wake, sinia moja. Kamaludin, serangi mzee kuliko sote, akauliza, "Nikila ndani na wanawake, barazani watakula na nani?" Maana kwetu ndivyo ilivyo. Chakula cha wanaume huja barazani au sebuleni, cha wanawake hubaki ndani. Mamangu alikufa sijapata kumwona akitafuna. Bi Rispah akajibu kwamba Kamaludin hakuoa baraza, alioa mke.

Tena akasema mwenye kujua kuandika aandike kulla siku, kwa faida yake, hakuna atakayesoma. Basi haya.

Alhamisi, 21 Aprili

Mvua. Meli ya saruji imefunikwa, hakuna kazi. Kutwa nimekuwa nikiketi na kuinuka.

Ijumaa, 22 Aprili

Leo nimekula ndani. Niliporudi kutoka msikitini nikamwambia Mwanaesha, binti wa marehemu ndugu yangu ambaye tumemlea kwa kuwa Mungu hakutujaalia wetu, "Sinia lisitoke nje. Tandika mkeka hapa."

"Ami, wagonjwa?"

"Sigonjwi. Ni amri ya kampuni."

Swabaha alikuwa mlangoni mwa jiko, leso imemfunga mpaka kidevuni. Akasema, "Bwana wee, huko barazani watadhani umefukuzwa."

Tukaketi. Wali wa nazi, samaki changu wa kupaka. Nikawapa kisa cha mwaka wa arubaini na saba nilipopiga chafya gatini meli ya Kigiriki ikakata kamba, wakaenda kuirudisha kutoka Likoni. Mwanaesha alicheka mpaka akashika mkeka. Swabaha aliketi mbali kidogo na sinia. Alikuwa akigusa wali kwa ncha za vidole kisha mkono unarudi mapajani. Nilidhani ni haya.

Jumatatu, 25 Aprili

Hakula. Nimemwangalia makusudi. Nilipomuuliza alisema ameshaonja jikoni.

Badawi mshona kofia, jirani yangu na mwenzangu wa baraza, alipita akapiga kelele mlangoni: "Yakhe, umekuwa bibi arusi siku hizi? Hutoki?"

Jumatano, 27 Aprili

Mafunzo. Bi Rispah aliuliza nani ametimiza. Kamaludin alisema mkewe amekataa katakata, amemwambia akitaka kula ndani na apike ndani. Joab alisema kwao wanakula hivyo tangu zamani. Nami nikasimama. Nikasema nyumbani kwangu sinia linarudi jikoni limekwanguka, mke wangu anakula kama mvua ya masika, mpaka mtaa wa pili wamekuja kutazama.

"Vizuri sana, Bwana Gharib," akasema mwalimu, akawaambia wengine wanitazame mimi. Wakanitazama. Kwa nini basi sikutulia? Nilitoka pale nikapita njia ndefu, nikazunguka markiti mara mbili bila haja ya kununua kitu.

Jumamosi, 30 Aprili

Mvua. Dari ya sebule inavuja pembeni. Hakula.

Jumanne, 3 Mei

Hakula. Uji tu, na huo pia anakunywa akiwa amenipa mgongo. Leo alipokuwa akimimina maji niliona bangili zake. Zamani zilikuwa zikimbana, ilibidi sabuni kuzivua. Leo ziliteremka mpaka kiwikoni alipoinua mkono, kisha zikarudi zikalia.

Nikasema moyoni, huyu mwanamke amekasirika. Hii si njaa, hii ni ghadhabu. Amechukia kuwekewa mume kwenye mkeka wake. Nyumba yangu ilikuwa salama, ikaja kampuni ikanitia jikoni.

Jumatatu, 9 Mei

Leo nimevunjiwa heshima.

Nilirudi kutoka kazini koo limekauka, siku nzima vumbi la saruji. Mwanaesha hayupo, ametumwa kwa Bimdogo, jirani wa nyuma. Juu ya kizingiti cha jiko palikuwa na kikombe cha bati, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake wa kushikia. Kina maji. Nikakiinua. Swabaha alitoka uani kama aliyeona nyoka, akanipokonya kile kikombe nacho kishafika mdomoni, maji yote kifuani pangu, akakitupa uani kikagonga ukuta.

"Una wazimu?" nikamuuliza.

"Usinywe hapo!"

"Maji ya nyumba yangu nisinywe?"

"Kunywa ya mtungini. Hapo usinywe." Na alikuwa akihema kama aliyepanda ngazi.

Nikamwambia maneno. Sitayaandika yote. Nilimwambia kama hanitaki aseme, mimi Gharib sijapata kukosa mahali pa kulala, mabibi wa Lamu mpaka Vanga wananiulizia. Yeye akaingia chumbani akafunga. Nikamsikia akikohoa kwenye mto, lakini nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira husikia sauti yake tu.

Nikatoka. Mvua inanyesha. Nikaenda kwa miguu mpaka Makupa, nikasimama pale malori yanapopita kwenda bara, yakanirushia tope, nikarudi. Sikuwa na safari. Miguu tu haikutaka kukaa.

Jumatano, 11 Mei

Mafunzo. Kila nilipokaa benchi liliniwasha. Bi Rispah alikuwa akieleza kifua kikuu, namna maradhi yanavyopita kwa pumzi na mate. Mimi nilikuwa nikiwaza kikombe, lakini nilikuwa nikiwaza heshima yangu, sikuwaza mate. Mwisho akatangaza kwamba atazuru nyumba za wanafunzi, na ataanza na ile ya mfano. Yaani kwangu. Jumamosi.

Joab akanipigapiga bega. "Sasa itabidi mkeo ale kweli."

"Atakula," nikasema. "Mwalimu mwenyewe atarudi na njaa."

Ijumaa, 13 Mei

Nimemwambia Swabaha kuna mgeni kesho, aketi nasi ale, japo tonge mbili. Kwa ajili yangu. "Yuwaja daktari?"

"Mwalimu tu."

"Haya."

Jumamosi, 14 Mei

Mwalimu alikuja saa za mchana, koti linachuruzika. Mwanaesha alikuwa amepika pilau. Nilimkaribisha kwenye kiti changu, nikaanza kumpa kisa cha sanduku la tembo, yule tembo aliyepelekwa Bombei akanishika mkono akalia. Akanikatiza kwa adabu. "Bwana Gharib, nitakusikiliza. Kwanza nimwone mama wa nyumba."

Akaingia ndani. Nikabaki sebuleni na sinia. Mara ya kwanza katika maisha yangu nimemaliza kisa hakuna aliyekuwa akisikiliza. Ndani kulikuwa kimya, halafu sauti ya Swabaha chini sana, halafu kikohozi, kirefu, kile cha mtu ambaye hajifichi tena. Nilikuwa nimezowea kukisikia kwa mbali, kupitia mto, kupitia mlango. Sikukijua kilivyo kikubwa.

Bi Rispah alipotoka hakugusa pilau. Alisimama kwenye daka la mlango akavaa koti.

"Mwalimu, ana nini?"

"Muulize yeye."

"Nimemuuliza."

"Kuuliza umeuliza. Hukunyamaza akajibu." Akafungua mwavuli. "Na usikawie, Bwana Gharib. Hii si ya kungoja mvua ikatike."

Mwanamke mdogo yule, angeweza kuwa binti yangu. Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu. Lakini alikuwa ameshafika kona ya mtaa wa Kuze.

Jumapili, 15 Mei

Nilimuuliza. Akasema hana kitu. Nikajaza kimya kile kwa kisa cha papa.

Jumatatu, 16 Mei

Nilimuuliza tena. Akaanza kusema, "Tangu mwezi wa mfungo..." nami nikamwambia mwezi wa mfungo mimi ndiye niliyebeba gunia mbili kila bega na saumu yangu. Akainuka akaenda kukunja nguo. Nilijiona nikifanya vile, sikuweza kujizuia. Kinywa changu ni kama winchi iliyokatika breki.

Jumanne, 17 Mei

Leo nimekaa naye chumbani baada ya alasiri. Mlango wazi, mvua uani. Nikauliza, kisha nikauma ncha ya kofia yangu kama mtoto. Naapa ni kweli, kofia niliyoshonewa na Badawi ina alama za meno.

Kulipita muda. Maji yanatona kwenye ndoo. Maneno yalinijaa mpaka masikioni.

Swabaha akasema, "Ni kifua."

Nikauma kofia.

"Tangu Ramadhani. Nilidhani ni vumbi, nikanywa asali na habasoda. Kisha damu. Kidogo kwenye leso, naichoma. Mwanaesha yuwajua kwa sababu yeye ndiye mwenye kufua. Mimi ndimi niliyemfungisha mdomo. Kikombe changu nikakitia uzi, sahani yangu mbali. Nakula uani nikiwa peke yangu, kile kidogo kinachopita. Ulipokuja na sinia lako moja ukanitia kwenye shida. Nikila nawe nakuua. Nisipokula waniona nimekuchukia."

"Kwa nini hukuniambia?" nikasema.

Hapo akanitazama sawasawa. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali.

"Nikwambie wewe? Nikikwambia magharibi, isha baraza nzima yashajua. Na wala hungesema kifua, ungesema natema damu ndoo saba. Utasema kwa mapenzi, najua. Na Mwanaesha? Watu wa kina Badawi wameshaanza kuuliza habari zake kwa Bimdogo. Nani atakayeposa nyumba yenye kifua? Watamtengea kikombe chake kwenye kila nyumba mjini. Mimi nilikuwa nikingoja wamchukue kwanza."

"Na wewe?"

"Mimi baadaye."

Yaani alikuwa amekusudia kufa taratibu, kwa adabu, nyuma ya pazia, ili mdomo wangu usimharibie mtoto. Na mimi sebuleni nasifu afya yake.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kwenda Makupa, kwenda Vanga, kwenda kokote miguu itakako. Nikasema tu, "Keshokutwa sina zamu. Tutakwenda hospitali."

"Kwa sharti."

"Sema."

"Asijue mtu. Si Badawi, si Kamaludin, wala yule karani wako."

"Hatajua mtu."

Akatabasamu. Ndilo lililoniuma zaidi, lile tabasamu. Hakuniamini hata chembe, lakini alikuwa amechoka.

Alhamisi, 19 Mei

Tumevuka Makupa kwa teksi, yeye ndani ya buibui, vioo vimepandishwa na mvua yapiga juu. Dereva aliuliza kama safari ni ya heri. Swabaha akanifinya kabla sijafungua mdomo.

Wamempiga picha ya kifua. Daktari ametuonyesha, pafu moja kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Akasema sindano kila siku, vidonge, alazwe, miezi. Nikauliza kama atapona. Akasema wengi siku hizi wanapona wakiwahi. Nikauliza kama tumewahi. Akasema, "Mmewahi kidogo." Sijui neno hilo nilipimie mzani gani. Nimekuwa nikiligeuza tangu asubuhi.

Mimi na Mwanaesha tumepigwa picha pia. Majibu baadaye.

Nilimwacha kwenye kitanda cha chuma karibu na dirisha. Hakulia. Akasema, "Dari ya sebule itazame." Ndiyo kwaheri yake.

Ijumaa, 20 Mei

Nyumba kubwa hii.

Jumatatu, 23 Mei

Nimerudi barazani. Wamefurahi, wamenisogezea nafasi, kahawa, tende. Badawi hakungoja nimalize kikombe.

"Na Bi Swabaha yuwapi? Mamangu hakumwona tangu juzi."

Mungu ndiye shahidi, neno lilikuwa kwenye ulimi. Si kwa ubaya. Ni zito, na mtu mwenye kubeba zito hutafuta wa kumshika upande wa pili. Badawi ni rafiki yangu tangu tukiwa na makamasi.

Nikasema, "Amekwenda Pate."

"Pate! Kuna nini Pate?"

"Shangazi yake kaangukiwa na mnazi."

"Mnazi mzima?"

"Na nazi zake. Alikuwa amelala, mnazi ukamwangukia, akausukuma kwa mkono akaendelea kulala. Asubuhi ndipo akasikia maumivu."

Walicheka mpaka watu wakafungua madirisha. Nilipofika ndani nilifunga mlango kwa komeo kama niliyeiba.

Jumatano, 1 Juni

Mafunzo. Leo meneja mkubwa alikuja kusikiliza, na suti nyeupe. Bi Rispah alinitazama, na benchi zima likanigeukia, maana wamezowea mimi ndiye wa kwanza. Sikusimama. Joab akaninong'oneza, "Mzee, unaumwa?"

Baadaye Bi Rispah alinipata nje kwenye reli. Hakuuliza kitu mbele ya watu. Akasema, "Nilipita kumwona jana. Homa imeshuka." Kisha akaenda zake. Nilidhani mwanamke huyu ni wa kutufundisha kuoga.

Jumanne, 7 Juni

Majibu. Mwanaesha mzima. Mimi mzima, na mpiga picha amesema hajapata kuona kifua kipana kama hiki. (Hakusema. Lakini ni kipana.)

Alhamisi, 9 Juni

Mvua, kisha jua, kisha mvua. Nimepanda kuziba dari. Badawi kaniuliza tena, mnazi ule ulikuwa wa shamba la nani? Nikasema sijui. Akasema mamake ana jamaa Pate, atawauliza. Sikulala vizuri.

Jumapili, 12 Juni

Nilikwenda hospitali, wakanizuia. Siku mbaya, wakasema, ana homa tena. Nimekaa nje ya lango nikimtazama mwuza machungwa. Nimerudi na chakula chote.

Jumatano, 15 Juni

Mafunzo ya mwisho. Tulipewa soda. Kamaludin ametangaza kwamba mkewe sasa anamruhusu kula ndani siku za Jumatatu.

Jumapili, 19 Juni

Leo nimemwona.

Wamemleta nje kwenye roshani, kiti chake upande ule, changu upande huu, katikati nafasi ya mkeka. Amekonda bado, lakini macho yamerudi mahali pake. Mwanaesha alimpikia samaki wa kupaka na wali. Nilimsogezea bakuli lake, nikafungua langu. Bakuli mbili, roshani moja. Bi Rispah atatusamehe.

Akala.

Alichukua tonge, akalitia mdomoni, akatafuna, akameza. Akachukua jingine. Ana namna ya kuvunja mwiba kwa dole gumba na kuuweka ukingoni, safi, kama anayepanga sindano. Miaka yote hii sikujua. Nilisahau kula. Akasema, "Watazama nini? Huna haya?"

Kisha akauliza, "Nimekwenda wapi?"

"Nini?"

"Barazani. Nimekwenda wapi? Lazima umesema kitu, wewe."

Nikamweleza Pate, shangazi, mnazi. Alicheka, kikohozi kikamshika, muuguzi akachungulia akanitolea macho. Alipotulia akafuta mdomo.

"Bwana wee. Mamake Badawi ni mtu wa Pate."

"Najua. Ameshaanza kuuliza."

"Basi nitoe Pate. Sema nimeshapita, niko Kiwayu."

"Kiwayu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo uzuri wake. Na huo mnazi uuondoe."

"Wameupenda!"

"Ndiyo maana wauliza. Wewe waongopa vitu vikubwa, watu hutaka kuona. Sema shangazi yuwaumwa na goti."

"Goti!"

"Goti. Hakuna mtu aliyepata kusafiri kwenda kutazama goti la mtu."

Nikamtazama mwanamke huyu aliyenificha damu tangu Ramadhani, ndani ya nyumba ile ile, akaniwekea wali kila siku. Na mimi ndiye naitwa fundi wa kusema.

Daktari anasema bado miezi. Hakusema zaidi, sikumsukuma. Alipoondolewa kwenda sindano aliniambia Jumapili ijayo anataka pweza, na apikwe na nazi nzito, Mwanaesha asibane nazi.

Jumatatu, 20 Juni

Nimetoka barazani sasa hivi. Badawi alikuwa amejiandaa, alileta na shemeji yake asikie habari ya mnazi.

"Mnazi nilizidisha," nikasema. "Shangazi goti linamsumbua. Swabaha amemhamishia kwa jamaa zake Kiwayu, yuko naye huko."

"Goti?"

"Goti."

"La kuvunjika?"

Waliniinamia wote, na shemeji mtu. Kinywani lilikuja goti lililovimba kama boya la bandarini, lililokuja na waganga watatu, wa nne akakimbia. Lilikuwa goti zuri. Nikalimeza.

"La kuuma tu," nikasema. "Uzee."

Badawi akanitazama kidogo, kisha akapiga mwayo, akamgeukia shemeji yake wakaanza mambo ya mpira. Hakuna aliyeuliza tena. Nikanywa kahawa yangu, nikawaacha wakigombana juu ya golikipa, nikaja ndani kumwambia Mwanaesha habari ya pweza.